Majonzi ya Kawaida na Majonzi Yaliyokwama: Kuisoma Upya Tanzia ya "Amina"

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa toni ya shairi la tanzia, jibu huja upesi: toni ya huzuni. Hupata alama yake, akatoa mfano mmoja, akasonga mbele. Kasoro ya jibu hili ni kuwa linatoshea kila utungo wenye maiti ndani yake. Mjane aliyelia akanyamaza, mzazi aliyekataa kuondoa nguo za mwanawe kitandani, kijana aliyezika asubuhi na kurejea mpirani jioni, wote hutiwa katika kapu moja lililoandikwa "huzuni". Uhakiki wa namna hii haumsaidii mtahiniwa kulielewa shairi, wala haumsaidii kuyaelewa maisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kuna majonzi ya kawaida na kuna majonzi yaliyokwama, na kuwa fasihi yetu ya Kiswahili inatupa kipimo kizuri cha kuyatenganisha. Tutatumia hasa shairi la Shaaban Robert liitwalo "Amina", kisha tutamgusa Ridhaa, mhusika mkuu wa riwaya ya Chozi la Heri. Hoja yetu ni hii: majonzi ya kawaida humaliza kilio bila kuumaliza upendo, ilhali majonzi yaliyokwama hushindwa kumaliza kilio kwa kuhofia kuwa kilio kikikoma, upendo nao utakuwa umekufa.

Suala hili linavuka mipaka ya mtihani. Mwalimu anayefundisha tanzia mbele ya wanafunzi arobaini na zaidi hana budi kukumbuka kuwa miongoni mwao yumkini wamo waliofiwa. Wengine wamezika mwaka huohuo. Tukisema darasani kuwa mhusika fulani ni "dhaifu kwa sababu analia", kuna mtoto anayelipokea neno hilo kama hukumu yake.

Wataalamu wanasemaje?

Mwaka 1917, Sigmund Freud alichapisha insha iliyotenganisha maombolezo na unyong'onyevu wa nafsi. Kwa maoni yake, anayeomboleza huona ulimwengu umekuwa mtupu, ilhali mnyong'onyevu hujiona yeye mwenyewe ndiye mtupu. Aliamini pia kuwa kazi ya maombolezo ni kumwachilia marehemu kidogo kidogo, mpaka moyo uwe huru.

Mwaka 1969, Elisabeth Kübler-Ross alitoa kitabu kilichoeneza hatua tano: kukana, kukasirika, kujadiliana na Mungu au na majaliwa, kunyong'onyea na kukubali. Walimu wengi huzijua hatua hizi, na wapo wanaozibandika juu ya kila tanzia kama mhuri. Inafaa tukumbuke kuwa Kübler-Ross alizitoa kwa kuwasikiliza wagonjwa waliokabiliwa na kifo chao wenyewe. Waliofiwa hawapandi ngazi hizo kwa utaratibu. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kuwa mfiwa huyumba: leo anauelekea msiba, kesho anazielekea shughuli za maisha, kisha anaurudia msiba tena. Kuyumba huko ndiko kupona kwenyewe.

Mwaka 1996 ulitoka mkusanyiko wa tafiti uliohaririwa na Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman. Hawa walipinga wazo kuwa mfiwa mzima ni yule aliyekata uhusiano na marehemu. Walionyesha kuwa watu wengi wenye afya huendelea kuzungumza na marehemu wao, kuwataja na kuwaombea, huku wakiishi vyema. Tutaona kuwa Shaaban Robert alikuwa amelisema jambo hili kwa kibwagizo, miongo mingi kabla yao.

Je, ni wakati gani majonzi huwa ugonjwa? Shirika la Afya Duniani liliyaingiza majonzi ya muda mrefu katika orodha yake ya maradhi iliyoidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Vipimo vyake ni kama vifuatavyo: mfiwa ametawaliwa na kumtamani marehemu au kumwaza bila kupumzika, hali hiyo imeendelea kwa muda usiopungua miezi 6, imemvunjia shughuli zake za nyumbani, kazini au shuleni, na imepita kiwango kinachotarajiwa na jamii, utamaduni au dini yake. Kipimo hiki cha mwisho kinatuhusu sana sisi wanafasihi. Daktari mwenyewe anakiri kuwa hawezi kusema majonzi yamezidi asipojua kwanza mahali pale watu huomboleza vipi.

Matanga kama kipimo cha jamii

Kiswahili kina msamiati mpana wa jambo hili. Tuna msiba, kilio, ukiwa, simanzi na majonzi. Tuna mfiwa na marehemu. Tuna rambirambi na makiwa. Muhimu zaidi, tuna usemi wa kuanua matanga. Lugha iliyotunga kitenzi cha kumaliza maombolezo ni lugha ya watu waliofahamu kuwa maombolezo yanapaswa kuwa na mwisho unaoonekana, unaofanywa na wengi pamoja. Kwa Waislamu kuna hitima, na mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Muda huo unampa ruhusa ya kuhuzunika, na ukiisha unampa ruhusa ya kutoka. Methali nayo husema kuwa kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Jirani haruhusiwi kulia kumzidi mwenye msiba, wala haruhusiwi kumwacha alie peke yake.

Tuchukue mfano wa Kinoo. Mtaa huu umetanda kandokando ya barabara kuu iendayo Nakuru, mbele kidogo ya Uthiru. Uko katika Kaunti ya Kiambu, lakini wengi wa wakazi wake huamkia kazi za Nairobi. Wamo wenye mashamba ya urithi na wamo wapangaji kutoka kila pembe ya nchi. Mtu akifariki, jioni watu hukusanyika kwa wafiwa. Kamati ya mazishi huundwa, mchango huandikwa daftarini, sala hufanywa na chai huandaliwa. Mwenye shamba huenda akazikwa papo hapo nyuma ya nyumba. Mpangaji husafirishwa usiku hadi kwao, na ploti husalia na mlango uliofungwa kwa kufuli. Mwanafunzi aliyefiwa hurejea darasani baada ya siku chache. Turubai limekwisha kung'olewa, viti vya kukodi vimerudishwa, na hapo ndipo majonzi yake yanapoanza hasa.

Hata hivyo, tusidhani kuwa desturi hizi ni za tangu na jadi. Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wakikuyu anaeleza kuwa zamani kuzikwa kaburini hakukuwa kwa kila mtu: wengi walipelekwa porini wakaachiwa fisi. Kaburi nyuma ya nyumba, ambalo leo mkazi wa Kinoo huliona ndilo desturi yenyewe, lilienea wakati wa ukoloni na umisheni. Kawaida ya majonzi, basi, hubadilika pamoja na jamii. Mhakiki anayesema "huyu anaomboleza kupita kiasi" lazima aulizwe: kiasi cha nani, na cha lini?

Mwaka 2020 ulitupa somo chungu. Kwa sababu ya Korona, serikali ya Kenya ilipunguza waombolezaji wa mazishi hadi watu 15. Ni wakati huohuo, mwezi wa Aprili, ambapo walimu wa Kiswahili walimpoteza Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, aliyegongwa na gari jijini Nairobi. Siku kadhaa zilipita kabla ya jamaa na rafiki kujua aliko. Wengi waliomsoma, waliomfundisha na waliofundishwa naye hawakuweza kufika kaburini. Walichobaki nacho ni kalamu, na washairi wakamlilia kwa tungo. Tanzia ilifanya kazi ambayo matanga yalizuiwa kuifanya.

Uchambuzi wa "Amina"

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Amina alikuwa mkewe. Shairi la kumlilia limo katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Ni tarbia yenye beti sita, na kila ubeti unafungwa kwa kibwagizo kilekile. Tutalieleza kwa maneno yetu. Mwalimu na alifungue shairi lenyewe mbele ya wanafunzi wake.

Ubeti wa kwanza unamwita marehemu kwa jina na kukitaja kifo waziwazi. Nafsineni hazunguki wala hatumii tasfida. Anasema Amina ametangulia kufa, anamfananisha na ua lililofumba baada ya kuchanua, na anamwombea. Tashbihi hii ina uzito wake. Ua lililofumba lilikuwa limechanua kwanza: maisha ya Amina yalikuwa yametimia uzuri wake kabla ya kukoma. Mfiwa anayeweza kuuona uzuri uliokuwapo, pamoja na hasara iliyopo, ana macho mawili yaliyo wazi.

Ubeti wa pili unarudi nyuma hadi kitanda cha ugonjwa. Nafsineni anakumbuka alivyoomba ili mkewe ainuke, na alivyochukia maradhi yamshinde. Kila aliyeuguza anaijua hali hii. Baada ya msiba, akili hurudi hospitalini usiku na kuanza kuhesabu: tungalifanya hivi, tungalimpeleka kule. Hapa ndipo majonzi ya wengi hukwama, kwa maana majuto hayana mlango wa kutokea. Nafsineni anatoka kwa kumwachia Mungu uamuzi. Hajilaumu, hamlaumu tabibu, wala hamlaumu Mungu.

Ubeti wa tatu ndio kitovu cha shairi. Nafsineni anakiri kuwa majonzi yake hayasemeki. Anawaza hili na lile, na mambo yote yanamwia kama ruia, yaani ndoto au maono. Kisha anasema hasadiki kuwa mauti ndiyo mwisho. Mtahiniwa huweza kuandika hapa kwa haraka kuwa "nafsineni anakana kifo", akakumbuka hatua ya kwanza ya Kübler-Ross, akaona amepata. Amekosea. Ubeti wa kwanza umekwisha kukiri kuwa Amina amekufa. Kinachokataliwa ni madai kwamba kifo kina neno la mwisho. Kukana kifo ni dalili ya mshtuko. Kukana ukomo wa kifo ni itikadi. Mhakiki asiyetenganisha mambo haya mawili atamwona kila muumini kuwa mgonjwa.

Tutazame pia fani inavyobeba hoja. Kitenzi kusadiki kinatumika kwa ukanushi katika ubeti wa tatu, na kwa uyakinishi mara tu ubeti wa nne unapofunguka. Aliyekuwa akisema asichokiamini sasa anasema anachokiamini: kwamba roho hazipotei, na kwamba mpenziwe ataingia peponi. Kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, moyo umegeuka. Ubeti wa tano unaendelea na safari hiyo. Nafsineni anajua kwa hakika kuwa Amina amefika mahali ambapo taabu haimfikii, na jambo hilo linamfurahisha yeye aliyeachwa nyuma. Neno la furaha linapotokea katika tanzia, msomaji makini husimama. Mfiwa ameanza kuuona msiba kwa upande wa marehemu, si kwa upande wake pekee.

Hebu tufanye jaribio. Tuseme shairi lingalikomea ubeti wa tatu. Tungebaki na mtu aliyetekwa na mawazo, anayeishi kama aotaye, asiye na neno la kusema. Hiyo ingekuwa picha ya majonzi yaliyokwama. Tofauti baina ya picha hiyo na shairi tulilo nalo haitokani na ukubwa wa uchungu. Uchungu wa ubeti wa tatu ni mkubwa vilevile katika shairi zima. Tofauti ni kuwa baada yake kuna beti tatu nyingine.

Ubeti wa sita unatangaza kuwa utunzi unakoma, na unakoma kwa dua. Huku ndiko kuanua matanga kwa mshairi. Lakini angalia neno moja. Katika ubeti wa kwanza, aliyejitenga ni Amina. Katika ubeti wa sita kitenzi kilekile kinarejea, ila sasa kinachojitenga ni mauti, siku ambayo viumbe watafufuliwa na mapenzi kurudi. Vina vya ukwapi vya ubeti wa kwanza na wa sita pia vinalingana na vya kibwagizo, ilhali vya beti za kati vinatofautiana navyo. Mshairi ameondoka nyumbani, amepita ugenini, amerejea.

Sasa tukitazame kibwagizo, kinachosisitiza kuwa hakuna awezaye kulifungua fundo la mapenzi yao. Kwa mtazamo wa Freud, kauli hiyo ingetutia wasiwasi, maana nafsineni anakataa kuachilia. Kwa mtazamo wa akina Klass, ni kauli ya mtu mzima wa afya. Ni nani aliye na haki? Shairi lenyewe linajibu. Kibwagizo hakibadiliki, lakini mistari inayokitangulia inabadilika kila ubeti. Upendo umesimama, maisha yanatembea. Takriri ya kibwagizo haikumzuia nafsineni kufika kwenye faraja na kumaliza kutunga. Mtunzi mwenyewe ndiye aliyeandika pia Utenzi wa Hati kwa bintiye na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Mkono uliomlilia marehemu ulibaki na nguvu za kuwausia walio hai.

Ridhaa na msiba usio na matanga

Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilichapishwa mwaka 2014, na ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Ridhaa, ambaye ni daktari, anapoteza mkewe Terry na jamaa wengine nyumba yao inapoteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Mwanawe Mwangeka anasalimika kwa kuwa yuko ng'ambo akilinda amani.

Tukimlinganisha Ridhaa na nafsineni wa "Amina", tunaona kwa nini msiba wake una hatari kubwa zaidi ya kukwama. Amina aliugua, mumewe alipata muda wa kuomba na kuaga. Ridhaa hakuaga. Amina alichukuliwa na maradhi. Jamaa za Ridhaa walichukuliwa na mkono wa jirani waliyemjua. Mfiwa wa kwanza alikuwa na jamii ya kumliwaza, ilhali jamii ya Ridhaa yenyewe ilikuwa mbioni kuelekea kambini. Kifo cha ghafla, cha ukatili, kisicho na mazishi ya heshima wala waombolezaji, ndicho kinachowaacha wengi njiani. Kwa hivyo mtahiniwa anapouona mshtuko wa Ridhaa, asiandike "mwoga" au "dhaifu". Aandike kuwa mhusika amenyimwa vyote ambavyo jamii humpa mfiwa.

Dawa inayotolewa na riwaya ni watu. Ridhaa anarejea katika kazi yake ya udaktari. Mwangeka, aliyempoteza mkewe Lily katika moto huohuo, anamwoa Apondi, naye mjane. Wawili hao wanampokea Umulkheri awe mtoto wao. Hakuna anayechukua nafasi ya aliyekufa; kila mmoja anapewa nafasi mpya. Chozi linakuwa la heri linapotiririka mbele ya mtu mwingine.

Pingamizi na mapendekezo

Huenda mwenzetu akasema kuwa darasa la fasihi si hospitali, na kuwa mwalimu wa Kiswahili hakusomea utabibu. Ni kweli. Hatupendekezi mwalimu apime wanafunzi wake. Tunapendekeza asome vyema, kwa maana usomaji mbaya pia hujeruhi. Yafuatayo yatafaa:

(a) Kabla ya kufundisha tanzia, mwalimu ajue ni nani darasani amefiwa karibuni. Asimlazimishe kusoma kwa sauti wala kuandika insha ya msiba wake. Akitaka mwenyewe, aruhusiwe.

(b) Badala ya "toni ya huzuni", mtahiniwa aeleze huzuni hiyo inaanzia wapi, inapitia wapi na inaishia wapi, akitaja ubeti.

(c) Kulia, kumwota marehemu, kuzungumza naye au kukosa hamu ya masomo kwa wiki kadhaa visiitwe wazimu. Hiyo ni kawaida.

(d) Miezi ikipita na mwanafunzi bado hali, halali, haji shuleni, amejitenga na wenzake, ama anajilaumu kwa kifo hicho, mwalimu amfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha na kwa mlezi wake, na kutoka hapo apelekwe hospitalini. Akisema anatamani kumfuata marehemu, isingojewe miezi wala siku: asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo.

Hitimisho

Tumeona kuwa ukubwa wa uchungu hauwezi peke yake kututenganishia majonzi ya kawaida na yaliyokwama. Kinachotenganisha ni mwendo. Shaaban Robert alifunga shairi lake na kuliacha fundo la mapenzi likiwa limefungwa, na hakuna mgongano baina ya mambo hayo mawili. Mwanafunzi wa Kinoo aliyefiwa na mzazi na aambiwe hivyo kwa lugha nyepesi: kucheka tena si kumsaliti marehemu, na kumkumbuka si ugonjwa.

Maswali ya marudio

1. "Nafsineni katika shairi la 'Amina' hakikani kifo." Jadili kwa kurejelea beti za kwanza na tatu. (alama 6)

2. Eleza jinsi kibwagizo kinavyoendeleza dhamira ya mtunzi wa "Amina". (alama 4)

3. Linganisha na utofautishe msiba wa nafsineni wa "Amina" na msiba wa Ridhaa katika Chozi la Heri. (alama 10)

4. Chunguza desturi za matanga katika jamii yako. Zinamsaidiaje mfiwa kumaliza maombolezo? (alama 5)